Pepopunda na Udongo Usiobadilika

Waganga wa Kigiriki wa zama za Hippocrates, karne ya 5 kabla ya Kristo, waliijua vema pepopunda: taya hukaza, mgongo hupinda kama upinde, na yote hufuata jeraha, pengine dogo tu. Kwa nini kidonda kimoja kipone na kingine kiue, hawakuwa na jibu. Hali ikabaki hivyo kwa zaidi ya miaka 2,000.

Mwaka 1884, mjini Turin, watafiti Carle na Rattone waliwaambukiza sungura kwa usaha wa mgonjwa. Mwaka huohuo Arthur Nicolaier, huko Göttingen, aliwadunga wanyama udongo wa kawaida, nao wakaugua. Ilibaki kumtenga bakteria mwenyewe, kazi iliyowashinda wengi, kwani hakui penye oksijeni. Shibasaburo Kitasato alifaulu mjini Berlin mwaka 1889. Alipasha mchanganyiko wa vijidudu hadi nyuzi 80. Wengine wakafa, zikabaki spora zake, zilizojifunika ganda gumu. Akaziotesha ndani ya haidrojeni. Ugumu huohuo ndio unaoziwezesha kukaa ardhini miaka mingi, baada ya kutoka matumboni mwa farasi na ng'ombe pamoja na samadi. Mwaka 1890, yeye na Emil von Behring walionyesha kuwa damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya bakteria huyo huibatilisha.

Vita vya 1914 vikaijaribu elimu hiyo. Mahandaki yalichimbwa katika mashamba ya Ufaransa na Ubelgiji yaliyokuwa yakitiwa samadi vizazi na vizazi. Mwezi Septemba, takribani majeruhi wanane kwa kila 1,000 wa Uingereza walipata pepopunda. Seramu, yaani majimaji ya damu ya farasi aliyezoeshwa sumu hiyo, ilipoanza kutolewa kwa kila majeruhi, idadi ilishuka upesi. Lakini kinga ya seramu hudumu majuma machache tu. Kinga ya kudumu ilipatikana miaka ya 1920, Gaston Ramon wa Taasisi ya Pasteur alipoidhoofisha sumu kwa formalini na joto, ikawa chanjo. Katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi zima la Marekani liliandikisha wagonjwa 12.

Askari wakapona, watoto wachanga wakaendelea kufa, na hapa historia ya tiba haina la kujisifia. Kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa mavi ya ng'ombe kilikuwa mlango wazi. Mwaka 1988, miongo sita baada ya chanjo kugunduliwa, vichanga wapatao 787,000 walikufa duniani. Ndipo wajawazito wakaanza kuchanjwa kwa wingi, maana kinga ya mama humfikia mtoto tumboni. Kufikia 2018 makadirio yalikuwa vifo 25,000.

Uganda ilithibitishwa kuitokomeza pepopunda ya wazazi na watoto wachanga mwaka 2011, Tanzania 2012, Kenya 2018. Kutokomeza huku maana yake ni chini ya kichanga mmoja mgonjwa kwa vizazi hai 1,000 katika kila wilaya. Tofauti na ndui, pepopunda haipiti kutoka mtu hadi mtu: kumchanja jirani hakumkingi asiyechanjwa, na spora zimo bado shambani na zizini.