Kifungu Kisicho na Mwandishi: Historia ya Ufahamu wa Kiingereza katika Mitihani, kwa Kuangazia Oltepesi, Kajiado

1.0 Utangulizi

Pana utanzu mmoja ambao kila Mkenya aliyepita darasani ameusoma, hata yule ambaye hakupata kuimaliza riwaya moja maishani mwake. Utanzu huo ni kifungu cha ufahamu. Hauna jalada, aghalabu hauna anwani, na jina la mwandishi wake mara nyingi halitajwi. Huanza ghafla, hukoma ghafla, na nyuma yake hufuata maswali. Wahakiki wa fasihi, kwa kiasi kikubwa, wameuachia walimu wa lugha na watungaji wa mitihani, kana kwamba haustahili kuhakikiwa.

Makala haya yanachunguza historia ya kifungu hicho katika mitihani ya Kiingereza nchini Kenya. Mfano unaotumiwa ni wa mwanafunzi wa Oltepesi, ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kimaa. Hoja inayotetewa ni kwamba kifungu cha ufahamu hakipimi kusoma peke yake. Hupima pia ujirani wa msomaji na ulimwengu ambamo kifungu kimezaliwa. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi aliyeandaliwa kwa vifungu vitupu huwa ameandaliwa nusu. Ili hoja hii ieleweke vyema, China nayo itatajwa, kwani huko tatizo lilo hili limewakuta mamilioni ya vijana, na mtu mmoja maarufu katika historia ya uhakiki alipita huko.

2.0 Kutoka Cambridge hadi Beijing

Mitihani ya Cambridge ilianza kuvuka bahari katika karne ya kumi na tisa. Mwaka 1863 watahiniwa wa kwanza wa ng'ambo waliifanya huko Trinidad, na katika miongo iliyofuata ikaenea katika makoloni ya Uingereza. Pamoja na mitihani hiyo zilisafiri desturi zake: kufupisha habari, kueleza maana ya maneno, na kujibu maswali juu ya maandishi ambayo mtahiniwa hakuyachagua.

Katika mji huohuo wa Cambridge, katika miaka ya 1920, mhakiki I. A. Richards aliwagawia wanafunzi wake mashairi yaliyoondolewa majina ya watunzi, akawataka waandike maoni yao. Matokeo aliyachapisha mwaka 1929 katika kitabu Practical Criticism. Wasomaji wale walikuwa Waingereza waliosomeshwa vizuri, na mashairi yaliandikwa kwa lugha waliyozaliwa nayo. Hata hivyo, wengi waliyasoma visivyo. Wengine hawakuipata maana ya wazi ya sentensi. Wengine walileta majibu waliyoyaweka akiba kabla hata ya kusoma.

Haidaiwi hapa kwamba Richards ndiye aliyekizaa kifungu cha mtihani, kwani zoezi la kufupisha habari lilimtangulia. Linalodaiwa ni kwamba jaribio lake lilidhihirisha jambo ambalo watungaji wa mitihani hawakulizingatia ipasavyo: maandishi yaliyokatwa kutoka kwenye mazingira yake humwacha msomaji ajaze pengo kwa kile alichokuja nacho. Iwapo kijana wa Cambridge aliteleza, seuze yule asomaye kwa lugha ya tatu?

Mwaka huohuo wa 1929 Richards alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing. Katika miaka ya 1930 alirejea China na kushughulikia mpango wa Kiingereza cha Msingi, uliobuniwa na C. K. Ogden kwa maneno 850, hadi uvamizi wa Japani wa mwaka 1937 ulipoukatiza. Mwanafunzi wake, William Empson, aliwasili China mwaka huo wa vita. Alifundisha katika chuo kilichokuwa kikihama mbele ya majeshi, hadi Kunming, ambako vitabu vilikuwa adimu mno. Alilazimika kuyatoa mashairi kichwani mwake na kuwapa wanafunzi. Jambo hili litarejelewa baadaye, kwani linafanana na namna fasihi simulizi inavyofundishwa.

China haikuwa ngeni katika utamaduni wa mitihani. Mitihani ya kifalme, iliyowachagua watumishi wa dola kwa karne nyingi, ilifutwa mwaka 1905. Mtihani wa kuingilia vyuo vikuu, yaani gaokao, ulisimamishwa katika Mapinduzi ya Utamaduni na kurejeshwa mwaka 1977. Mwaka 1985 mtihani wa Kiingereza wenye maswali ya kuchagua jibu ulianza kutumika katika jimbo la Guangdong, na kusoma vifungu vya Kiingereza kukawa sehemu kubwa ya maandalizi ya mwanafunzi wa sekondari wa Kichina. Kwa sadfa, mwaka huohuo wa 1985 ndio ulioleta mtihani wa KCPE nchini Kenya.

3.0 Kiingereza kama Mlango katika Shule za Kenya

Katika shule za Waafrika wakati wa ukoloni, lugha za nyumbani na Kiswahili zilitumika katika madarasa ya chini, na Kiingereza kikaja baadaye. Mizani ilibadilika katika miaka ya 1950. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma katika Alliance High School kuanzia mwaka 1955, ameeleza katika Decolonising the Mind (1986) jinsi mtahiniwa angeweza kufaulu vizuri katika masomo mengine yote, lakini akianguka Kiingereza akawa ameanguka mtihani mzima. Kiingereza kilikuwa kimeacha kuwa somo miongoni mwa masomo, kilikuwa mlango.

Mwaka 1957 Kituo Maalumu kilianzishwa Nairobi ili kujaribu kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Jaribio lilianzia katika shule za watoto wa Kiasia, kisha likapanuliwa hadi shule za Waafrika. Tume ya Ominde, iliyotoa ripoti yake mwaka 1964, ililiunga mkono. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, na Kiingereza kishike hatamu kuanzia darasa la nne.

Vyombo vya kutahini navyo vilibadilika. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967. Tanzania ikajitoa mwaka 1971. Na Kenya ikawa na Baraza lake la Mitihani mwaka 1980. Hata hivyo, kubadilika kwa mwenye mtihani hakukubadilisha umbo la mtihani. Katika miaka ya mwisho ya KCPE, karatasi ya Kiingereza ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu, na karibu nusu yake yalitokana na vifungu vya ufahamu. Katika KCSE, kifungu cha ufahamu kiliwekwa katika karatasi ya pili, jirani na dondoo la kitabu teule na shairi. Karatasi ya Kiswahili nayo iliiga umbo hilo, hata neno "ufahamu" katika kinywa cha mwanafunzi likapungua maana: badala ya kuwa uwezo wa akili, likawa jina la sehemu ya mtihani.

KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, baada ya Mtaala wa Umilisi kuanza kuchukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4. Mtihani umekwenda, kifungu kimesalia.

4.0 Msomaji wa Oltepesi

Oltepesi ni kituo kilichoko kando ya barabara itokayo Nairobi kwenda Magadi, katika Kaunti ya Kajiado. Kiko karibu na Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walianza kuchimbua zana za mawe za kale katika miaka ya 1940. Jina lake ni jina la Kimaa la mti, aina ya mgunga ambao matawi yake hutandaa kama mwavuli. Ni nchi kavu ya ufugaji. Mtoto wa Kimaasai wa huko huanza na Kimaa nyumbani, hukutana na Kiswahili sokoni na shuleni, kisha hutahiniwa kwa Kiingereza.

Tuseme mtoto huyo anapewa kifungu cha kubuni kama hiki: msafiri alifika kwenye jukwaa, akaitazama saa ya ukutani, akaketi juu ya sanduku lake na kucheka kwa uchungu. Swali: kwa nini alicheka? Maneno yote anayajua. Jukwaa amelisikia likitajwa katika mikutano ya wanasiasa, na saa anaijua. Lakini jibu, kwamba gari la moshi limekwisha kuondoka, halimo katika neno lolote la kifungu. Limo katika maisha ya mtu aliyewahi kuachwa na gari la moshi.

Sasa kigeuzwe kifungu: mchungaji alirudi jioni, akawahesabu ng'ombe wake mara mbili, akakataa kula. Mtoto wa Oltepesi atajibu kabla swali halijamalizika kusomwa. Ng'ombe mmoja hayupo. Mtoto wa mtaa wa ghorofa Nairobi huenda akachagua jibu la kwamba mchungaji alikuwa mgonjwa, na mbele ya msahihishaji akaonekana hajui kusoma.

Mifano hii miwili inaonyesha kwamba kile kiitwacho "kudokeza maana" katika mitihani ni tendo la kifasihi na la kijamii kwa pamoja. Anayekosa jibu si lazima awe amekosa lugha. Lakini alama zikishatolewa, tofauti hiyo hufutika, na mtoto huambiwa, na hatimaye huamini, kwamba hana akili ya kusoma. Hapo ndipo penye hasara kubwa. Kijana wa Guangdong anayesoma kifungu juu ya desturi za mji wa Uingereza ambao hajauona yumo katika mashua hiyohiyo. Tofauti ni kwamba yeye aghalabu alifundishwa kusoma kwa lugha ya shule yake kabla ya kupelekwa kwenye ngeni. Mtoto wa Oltepesi huvushwa akiwa bado katikati ya mto.

5.0 Kifungu na Kitabu

Wako waliojaribu kuurekebisha ulimwengu wa maandishi yanayotahiniwa. Mwaka 1968 Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai kwamba Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1974 mkutano juu ya ufundishaji wa fasihi katika shule za sekondari uliupeleka mjadala huo hadi shuleni, na fasihi simulizi ikapata nafasi. Mwaka 1983 Naomi Kipury alichapisha mkusanyiko wa fasihi simulizi ya Wamaasai. Tayari mwaka 1971 H. R. ole Kulet alikuwa ametoa riwaya ya Is It Possible?, inayomhusu kijana wa Kimaasai na shule. Na Blossoms of the Savannah (2008) iliteuliwa kuwa kitabu cha KCSE mwishoni mwa miaka ya 2010.

Mafanikio haya si haba. Hata hivyo, hayakuugusa mzizi wa tatizo. Ngano ya Kimaa inapoingia katika karatasi ya mtihani huwa imetafsiriwa, imekatwa, na kupachikwa maswali. Mtambaji hayupo, hadhira haiitikii, na mtoto aliyeisikia kwa nyanya yake huambiwa ataje sifa mbili za mhusika. Riwaya ya ole Kulet nayo husomwa na wengi kupitia mwongozo, kwa sababu mwongozo umefanana na mtihani kuliko kitabu chenyewe. Mwalimu hapaswi kulaumiwa kwa haraka. Ana madarasa yaliyojaa, vitabu vichache, na wazazi waliouza mifugo ili kulipa karo. Karatasi za mitihani iliyopita ni nafuu, na huonekana kuwa njia ya mkato.

Lakini njia hiyo ina mwisho wake. Msomaji wa vifungu hujifunza kuwinda jibu. Hajifunzi kukaa na maandishi. Kitabu kizima hufanya jambo ambalo kifungu hakiwezi: kinapoanza humkuta msomaji akiwa mgeni, na kabla ya kukoma kimemfanya mwenyeji. Aliyesoma riwaya nzima yenye stesheni ndani yake hahitaji kuwa amepanda gari la moshi. Ulimwengu anaokosa kwa kuzaliwa ataupata kwa kusoma, na mtihani utamkuta akiwa nao.

6.0 Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa haimruhusu mhakiki kupendekeza kwamba mtihani upuuzwe. Kwa familia ya Oltepesi, mtihani bado ni mlango, na asiyeupita hubaki nje. Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, usomaji wa Kimaa ukamilishwe kabla ya mtoto kudaiwa ufahamu kwa Kiingereza, kwani ujuzi wa kusoma huhamishika na pengo la kusoma nalo huhamishika. Pili, maandalizi yaanze na hadithi nzima, na kifungu kije mwisho. Vitabu vikikosekana, Empson huko Kunming ni ushahidi kwamba mwalimu mwenye fasihi kichwani anaweza kuanza bila rafu. Na bibi wa Kimaasai ni ushahidi wa karibu zaidi. Tatu, wanafunzi watunge vifungu vyao wenyewe na maswali yake, wabadilishane na wenzao wa Kitengela na Nairobi. Atakayeona mwenzake wa mjini akibabaika mbele ya ng'ombe aliyepotea ataelewa, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba yeye mwenyewe hakuwa mjinga mbele ya gari la moshi.

Wahakiki nao wana wajibu. Kifungu kisicho na mwandishi kina mtungaji, kina hadhira aliyoikusudia, na kina wale aliowasahau. Kukihakiki ni kuwauliza watungaji swali ambalo watahiniwa hawaruhusiwi kuuliza ndani ya chumba cha mtihani: habari hii ni ya nani?