UZI: Je, korti zinarudisha maendeleo nyuma? Historia inaanzia kwetu

1/ Kila msimu wa siasa nasikia wimbo uleule: mradi umepitishwa, mtu anakimbia kortini, kazi inasimama. Mimi ni wa Ewuaso Kedong. Wacha niwape historia, halafu mwamue wenyewe. Chama sitaji, mtu wa siasa sitaji.

2/ Mwaka 1904 Wamaasai walifanya mkataba na Waingereza. Wakaacha malisho ya Bonde la Ufa ili masetla wapate nafasi kando ya reli. Wengine wakapelekwa Laikipia, wengine huku kusini. Waliahidiwa mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wapo duniani.

3/ Ahadi ilidumu miaka 7. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba mwingine: wa Laikipia nao wahamie kusini. Ole Gilisho na wenzake hawakukunja mikono. Wakatafuta wakili, wakashtaki. Ndiyo ile kesi ya Ole Njogo.

4/ Uamuzi ulitoka 1913. Korti ilisema mikataba hii ni kama ya dola na dola, na Wamaasai si raia wa mfalme wa Uingereza, kwa hivyo haina mamlaka ya kuuliza serikali ilichofanya. Rufaa nayo ikagonga mwamba. Watu na ng'ombe walihamishwa. Ona hapo: hawakushindwa kwa hoja. Mlango ulifungwa kabla hoja kusikizwa.

5/ Hata baada ya uhuru mlango ulibaki mwembamba. Ulihitaji kwanza ruhusa ya jaji ndipo ulete ombi lenyewe, na kubatilisha uamuzi ulikuwa na miezi 6 tu. Katiba ya 2010 ikaupanua. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa serikali ulio halali na wa haki, na sababu kwa maandishi ukimuumiza. Sheria ya kukitekeleza ikaja 2015.

6/ Sasa jaji anaangalia nini hasa? Kazi yake si kuamua kama kiwanda ni kizuri. Anauliza: aliyetoa kibali alikuwa na mamlaka? Alifuata sheria? Majirani walisikizwa? Sababu ziko wapi? Akikuta kasoro anaweza kubatilisha, kuzuia, au kulazimisha ofisi itimize wajibu. Na kibali kikibatilishwa, mradi haujafa. Ofisi inaweza kurudia kazi, safari hii vizuri.

7/ Yetu sasa. Asubuhi moja tuliamkia matingatinga karibu na kisima tunachonyweshea mifugo. Kibali kilikuwa kimeshatoka, tangazo hatukuona. Tukapiga kelele WhatsApp, waheshimiwa wakaja, wakaahidi, wakaenda. Tulipofika kwa wakili akauliza jambo moja tu: "Uamuzi ulitoka lini?" Hakuna aliyejua.

8/ Kwa nini swali hilo? Kwa sheria ya mipango ya 2019, kibali cha ujenzi cha kaunti unakatia rufaa ndani ya siku 14 tangu uamuzi, kwa kamati ya kaunti ya mashauri ya mipango. Ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ukiruka kamati bila sababu nzito, jaji anaweza kukurudisha. Leseni ya mazingira ina njia yake: baraza la rufaa, siku 60.

9/ Niseme na la upande wa pili. Kesi zinachelewesha kazi, vijana wanakosa vibarua, na wapo wanaoshtaki ili walipwe wanyamaze. Ni kweli. Lakini mradi uliofuata sheria hauogopi jaji, na kumsikiza jirani mapema ni rahisi kuliko kesi ya miaka.

10/ Wazee wetu wa 1913 waliambiwa hakuna wa kuwasikiza. Sisi yupo, ila tunafika tumechelewa. Kwa hivyo ukiona vigingi vipya au ubao wa tangazo, piga picha, andika tarehe, nenda kaunti uombe nakala ya uamuzi. Siku 14 zinaisha haraka. Sambaza kwa watu wa nyumbani.