Saa Ipi Ihesabiwe? Majadiliano ya Marubani wa Marekani kuhusu Ratiba za Kazi, 1933–1959

Mwanzoni mwa mwaka 1933 marubani wengi wa mashirika makubwa ya ndege nchini Marekani walilipwa kwa maili walizoruka. Jambo hili laweza kuonekana kuwa la kihasibu tu, lakini ndani yake ndimo ulimochipuka mgogoro ulioendelea kwa miongo mingi kuhusu ratiba za kazi. Ndege za zamani za injini tatu zilikwenda kiasi cha maili 100 kwa saa. Mwaka huohuo shirika la United lilianza kutumia Boeing 247, iliyopita maili 150 kwa saa na kuweza kuvuka bara, pamoja na vituo vyake vya njiani, kwa muda wa saa 20 hivi. Rubani aliyelipwa kwa maili alinufaika na kila ongezeko la mwendo. Mwajiri aliyetaka kubaki na faida hiyo alipaswa kwanza kubadili kipimo, na ndivyo mashirika makubwa matano yalivyokusudia kufanya yalipotangaza kwamba marubani wangelipwa kwa saa.

Masimulizi mengi kuhusu vyama vya marubani huegemea migomo na viongozi. Makala haya yanatetea hoja tofauti: kwamba kiini cha majadiliano kilikuwa swali la saa ipi ihesabiwe kuwa ya kazi, na kwamba kila jibu lililopatikana lilifungua mlango wa swali jingine. Kiswahili kina neno linalosaidia hapa, nalo ni zamu. Zamu ya rubani huanza anaporipoti uwanjani na kwisha anapoachiliwa. Urukaji ni sehemu tu ya zamu hiyo, na mara nyingine ni sehemu ndogo. Sheria ya Marekani ilishughulikia urukaji kwanza, na zamu ikaachwa nje.

Chama cha Marubani wa Ndege za Abiria (ALPA) kiliundwa Chicago mwaka 1931 chini ya David Behncke, ambaye mwenyewe alikuwa rubani. Mwaka uliofuata kilipambana na E. L. Cord, mmiliki wa Century Air Lines, aliyepunguza mishahara. Behncke alijifunza katika mapambano hayo kwamba chama chenye wanachama wachache, katika nchi iliyojaa watu wasio na ajira, kingepata zaidi Washington kuliko langoni mwa kiwanja cha ndege. Hivyo mashirika yalipotangaza malipo ya saa mwaka 1933, chama kilitishia kugoma, kisha kikaridhia shauri lipelekwe mbele ya Bodi ya Taifa ya Kazi iliyoongozwa na Seneta Robert Wagner. Uchunguzi wa hesabu zenyewe ukakabidhiwa kamati iliyosimamiwa na Jaji Bernard Shientag wa New York.

Matokeo yake yalikuwa Uamuzi Na. 83, uliotolewa Mei 1934. Uamuzi huo haukuchagua kati ya maili na saa, bali uliviunganisha vyote viwili. Rubani alipewa mshahara wa msingi uliopanda kwa kadiri ya miaka yake kazini, malipo ya saa yaliyopanda kwa kadiri ya mwendo wa ndege na kuzidi usiku, na nyongeza ya maili. Kwa mada ya makala haya, kipengele kizito zaidi ni kile kilichoweka kikomo cha saa 85 za urukaji kwa mwezi. Kanuni za serikali za wakati huo ziliruhusu zaidi ya hapo.

Kwa nini 85? Hoja ya hadhara ilikuwa usalama: rubani aliyechoka ni hatari kwa abiria wake. Hoja ya pili ilitajwa kwa sauti ya chini zaidi. Ndege yenye mwendo mkubwa humaliza safari ileile kwa saa chache, na kama kila rubani angeachwa aruke bila kikomo, marubani wachache wangetosha kwa ratiba nzima. Kikomo kiligawa kazi katika miaka ya mdororo wa uchumi. Ni rahisi kuhitimisha kwamba usalama ulikuwa pazia la kulinda ajira. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Wanaume waliokaa mbele ya Bodi walikuwa wamewazika wenzao, na uchovu haukuwa kwao hoja ya kubuni. Ushahidi unaelekeza kwamba hoja zote mbili zilikuwa za kweli kwa wakati mmoja, na kwamba nguvu ya chama ilitokana na kutolazimika kuzitenganisha.

Namna uamuzi huo ulivyonusurika inastahili kuangaliwa kwa ukaribu. Bodi iliyoutoa ilivunjwa mwaka huohuo wa 1934, na mwaka 1935 Mahakama Kuu ya Marekani ikabatilisha sheria ya ufufuaji wa viwanda iliyokuwa nguzo ya sera ya kazi ya kipindi hicho. Kwa kawaida Uamuzi Na. 83 ungezikwa pamoja na chombo chake. Lakini Februari 1934 Rais Roosevelt alikuwa amefuta mikataba ya kusafirisha barua kwa ndege na kulikabidhi jeshi kazi hiyo, na wanajeshi kadhaa wakafa katika ajali za majira yale ya baridi. Bunge lilipotunga sheria mpya ya barua za ndege mwezi Juni, Behncke alikuwa amekwisha kufanya kazi yake katika kumbi za Washington: shirika lililotaka mkataba wa barua lililazimika kufuata maamuzi ya Bodi ya Taifa ya Kazi kuhusu ujira na saa za marubani. Mwaka 1938 Sheria ya Usafiri wa Anga ya Kiraia iliutaja Uamuzi Na. 83 kwa jina, ikaufanya kuwa kiwango cha chini, na kuacha wazi haki ya marubani kujadiliana kupata masharti bora zaidi.

Haki hiyo ilikuwa na njia yake tayari. Aprili 1936 Sheria ya Kazi za Reli ilipanuliwa kuyahusu mashirika ya ndege. Chini ya sheria hiyo mkataba wa hali bora haufikii ukomo. Hufunguliwa tu kwa marekebisho, na masharti ya zamani hubaki hadi upatanishi umalizike. Mwajiri hawezi kubadili ratiba kwa amri, na chama hakiwezi kugoma siku inayotaka. Utaratibu huu huchosha pande zote, na kwa kiasi fulani ulikusudiwa kuchosha. Mkataba wa kwanza wa ALPA, uliotiwa saini na American Airlines mwaka 1939, ulizaliwa ndani ya mfumo huo.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya vita. Mwishoni mwa Novemba 1953 American Airlines ilianza kuruka na DC-7 kati ya New York na Los Angeles bila kutua njiani. Kanuni ya serikali ilisema kwamba marubani wawili hawangepangiwa zaidi ya saa 8 za urukaji ndani ya saa 24 bila mapumziko. Kuelekea mashariki, kwa upepo wa nyuma, kanuni haikusumbua. Kuelekea magharibi ndege ilikabili upepo wa mbisho. Shirika liliandika katika ratiba muda uliopungua kidogo saa 8, lakini angani safari ilipita muda huo mara kwa mara.

Hapo ndipo neno moja la kanuni lilipobeba mzigo wote. Kanuni ilizungumzia saa zilizopangwa, na shirika lilishikilia kwamba lililopangwa ni lile lililoandikwa. Marubani walijibu kwamba ratiba ambayo upepo huivunja kila wiki si ratiba, ni maandishi. Katika hoja hii marubani walikuwa na haki zaidi: kikomo kinachopimwa kwa karatasi ya mtu anayebanwa nacho hakimbani. Hata hivyo Bodi ya Usafiri wa Anga ya Kiraia ilitatua ugumu huo kwa kulegeza kanuni kwa safari za kuvuka bara bila kutua. Mwishoni mwa Julai 1954 marubani wa American, ALPA ikiwa sasa chini ya Clarence Sayen, waligoma kwa zaidi ya wiki tatu. DC-7 ziliendelea kuvuka bara bila kutua.

Mgomo huo kwa kawaida huhesabiwa kuwa umeshindwa, na kama kipimo ni zile saa 8, hesabu hiyo ni sahihi. Ila ulionyesha kwamba kikomo kilichowekwa na serikali chaweza kulegezwa na serikali, ilhali kifungu cha mkataba hakiguswi bila saini ya upande wa pili. Zaidi ya hapo, tatizo lenyewe lilikuwa karibu kutoweka. Januari 1959 American ilianza kutumia Boeing 707 katika njia hiyohiyo. Safari ya kuelekea magharibi, iliyokuwa imewafikisha watu mgomoni, sasa iliingia ndani ya saa 8 bila shida.

Ndipo zamu, iliyoachwa nje mwaka 1934, iliporudi mezani. Ndege ya jeti ilipunguza saa za angani bila kupunguza saa za kungoja viwanjani wala usiku wa kulala mbali na nyumbani. Katika miongo iliyofuata mikataba ilianza kuweka uwiano: kwa kila saa mbili za zamu, rubani ahesabiwe angalau saa moja ya malipo, kwa kila saa nne hivi za kuwa mbali na kituo chake, saa moja. Rubani aliyekuwa kazini saa 10 akaruka 4 tu alihesabiwa 5. Saa hiyo moja ya ziada yaweza kuonekana ndogo, lakini ilimfanya mpanga ratiba aone gharama ya kungoja, ambayo hadi hapo ilikuwa ya rubani peke yake. Kikomo cha saa 85 nacho kilishushwa zaidi katika mikataba ya mashirika kadhaa.

Faida hizi hazikugawanyika sawa. Zamu zilichaguliwa kwa kufuata orodha ya ukongwe kazini: wa kwanza alichagua safari za mchana na sikukuu za nyumbani, wa mwisho akapokea zilizosalia. Chini kabisa alikuwa rubani wa akiba, anayekaa karibu na simu akisubiri mwenzake augue au ndege icheleweshwe. Yeye haruki, haripoti uwanjani, wala hayuko mbali na kituo. Hakuna hata kimoja cha vipimo vitatu vilivyopatikana tangu 1934 kilichoigusa siku yake.