Vidonge vya Nyasi: Jina na Chakula cha Sungura

Ukiingia duka la vyakula vya mifugo Nachingwea mjini au Ruangwa ukaulizia chakula cha sungura, huenda swali la kwanza utakaloulizwa likawa hili: "Unataka cha unga au peleti?" Swali linaonekana jepesi, na wengi hulijibu kwa kutazama bei. Hapo ndipo hatari inapoanza, maana neno peleti halimtaji mnyama wala halitaji kilichomo. Linataja umbo tu. Mimina kiganjani peleti za kuku wa nyama, kisha umimine za sungura: vyote vinaweza kuwa vijiti vifupi vya kahawia, unene wa milimita 3 au 4. Kimoja ni chakula cha mnyama anayekula nafaka na kingine ni cha mnyama anayekula nyasi, na tumbo la sungura linaijua tofauti hiyo mapema kuliko macho yetu.

Tulitazame neno lenyewe. Waingereza wanasema pellet, neno walilolipata kwa Kifaransa cha kale, pelote, nalo lina mzizi wake katika Kilatini, pila, yaani mpira. Maana yake ya awali ni kipira kidogo. Leo wanalitumia kwa chakula cha mifugo, kwa vipande vya kuni vilivyoshindiliwa, kwa risasi ndogo za kuwindia ndege, ambazo sisi tunaziita marisau, na hata kwa kinyesi kikavu cha sungura. Kiswahili kina jina la kila kimoja, na sioni sababu ya kuyaacha majina hayo yote kwa ajili ya moja la kuazima.

Wafugaji na wauzaji wamejaribu majina kadhaa. Wapo wanaosema punje. Neno ni zuri kwa sauti, lakini punje ni kitu kilichoumbika chenyewe shambani: punje ya mtama, punje ya hindi. Mwambie mtoto akampe sungura punje, atachota mahindi ghalani, na hutakuwa na haki ya kumlaumu. Wengine husema tembe, nalo likisikika mtu anawaza zahanati. Limebaki kidonge. Asili yake ni donge, kitu kilichokandamizwa kikashikamana, kwa hiyo donge la ugali na donge la udongo ni ndugu wa neno hili. Ongeza ki- ya udogo, umepata kidonge. Lugha yetu imepita njia ileile waliyopita Walatini na Wafaransa, bila kuwauliza.

Na kidonge kinasema kweli kuhusu namna chakula hiki kinavyotengenezwa. Kiwandani, majani makavu, pumba na mashudu husagwa, huchanganywa pamoja na vitamini na madini, kisha hupitishwa kwenye mvuke wa moto ili mchanganyiko ulainike. Mara nyingi huongezwa molasi kidogo ili ushikamane. Baada ya hapo magurudumu ya chuma huusukuma upite kwenye sahani nene yenye matundu. Unapotokea upande wa pili, kisu huukata vipande, na vipande hupozwa na kukaushwa. Faida yake kubwa kwa sungura ni moja: hawezi kuchagua. Akipewa mchanganyiko wa nafaka, vipande vya karanga na majani makavu, atakula vitamu na kuyaacha majani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliwalisha sungura kwa njia mbalimbali na kuona kwamba wanaolishwa michanganyiko ya aina hiyo hunenepa kupita kiasi na meno yao huharibika. Kidonge kimoja kina kila kitu ndani yake, kwa hiyo kila anapouma anapata uwiano uleule.

Pingamizi lipo, tena la haki: kidonge ni dawa. Nalijibu kwamba muktadha utatenganisha, kama unavyotenganisha kaa la moto na kaa wa baharini. Isitoshe, kivuli hicho cha dawa kina manufaa yake. Dawa hupimwa. Hakuna anayemjazia mgonjwa bakuli la vidonge, wala sungura mkubwa hapaswi kujaziwa.

Hata hivyo "chakula cha vidonge" bado hakitoshi. Wafugaji wa samaki wametutangulia katika jambo hili. Wao pia wananunua vidonge, lakini hawakuishia kwenye umbo; wanasema "chakula cha kuelea", kwa sababu kuelea ndiko kunakomwonyesha mfugaji kama samaki wanakula au chakula kinapotea chini ya bwawa. Jina limebeba sifa ambayo mnunuzi anatakiwa kuihakiki kabla ya kulipa. Istilahi ya namna hiyo ina thamani kubwa kuliko tafsiri iliyo sahihi tu. Kwa sungura, sifa ya kuhakikiwa ni nyasi. Ndiyo maana napendekeza tuseme "vidonge vya nyasi". Peleti liachwe lizunguke viwandani na kwenye ankara, lakini dukani, mzazi anayemnunulia mtoto chakula cha sungura wake aulize: "Vidonge vya nyasi mnavyo?" Muuzaji mwenye vidonge vya kuku atalazimika kujibu hana.

Kwa nini nyasi? Sungura wa bandani, ambaye asili yake ni Hispania na Ureno wala si yule mjanja wa hadithi zetu anayekimbia porini, ana meno yasiyoacha kukua maisha yake yote. Yale ya mbele huongezeka kama milimita 2 kila wiki. Kinachoyapunguza ni kutafuna majani yenye nyuzi kwa saa nyingi. Kidonge huvunjika kwa kuumwa mara chache, hakiyasagi meno vya kutosha. Mwanzoni mwa utumbo wake mpana pana mfuko mkubwa, sekamu, uliojaa bakteria. Nyuzi ngumu za majani husukuma utumbo ufanye kazi na kutoka kama kinyesi kikavu cha mviringo. Chembe laini hurudishwa ndani ya sekamu zikachachuke. Usiku na alfajiri sungura hutoa kinyesi cha pili, laini, kinachong'aa, kilichoshikamana kichala, na hukila palepale kinapotoka. Humo ndimo anamopata vitamini za kundi B na protini zilizotengenezwa na bakteria. Anayemzuia mnyama wake kwa kudhani ni uchafu anamnyima chakula.

Sasa mpe mnyama huyo chakula cha kuku. Kimejaa wanga wa mahindi, na nyuzi zake mara nyingi hazifiki asilimia 6. Wanga ukizidi na kufika kwenye sekamu, bakteria wabaya huongezeka na kutoa sumu, na sungura mdogo aliyetoka kuachishwa ziwa anaweza kuharisha na kufa ndani ya siku moja au mbili. Chakula cha kuku wa mayai kina hatari nyingine: kalsiamu yake ni karibu asilimia 4, kwa ajili ya maganda ya mayai, ilhali sungura anahitaji kati ya asilimia 0.5 na 1. Mwili wake hufyonza kalsiamu nyingi iliyomo kwenye chakula, iwe anaihitaji au haihitaji, kisha huitoa kwa mkojo. Ndiyo maana mkojo wake huwa na weupe mzito, na ndiyo maana ikizidi mno huganda kibofuni. Baadhi ya vyakula vya kuku huwa vimetiwa pia dawa za kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo, na mojawapo ya dawa hizo, narasini, ni sumu kwa sungura.

Basi wakati wa kuchagua, geuza mfuko usome maandishi. Mengi ya maandishi hayo yapo kwa Kiingereza, na neno la kutafuta ni crude fibre. Wataalamu wetu wa lishe ya binadamu wana neno makapimlo kwa sehemu ya chakula isiyosagika tumboni. Tulichukue kwa mifugo pia, linaeleweka. Kwa sungura mkubwa anayefugwa kama kipenzi, makapimlo yasipungue asilimia 18, na yakifika 20 au zaidi ni bora. Protini kati ya asilimia 12 na 14 inamtosha. Anayekua na jike anayenyonyesha wanahitaji 16 hadi 18. Mafuta yasizidi sana asilimia 3 au 4. Kiungo cha kwanza kwenye orodha kiwe majani makavu, si mahindi. Kisha tazama tarehe ya kutengenezwa, maana vitamini hupungua kadiri mfuko unavyokaa, na joto la kusini huharakisha jambo hilo. Mfuko uliopita miezi 3 mimi siununui. Kwenye unyevu wa kuanzia Desemba hadi Aprili, vidonge vikilegea au kunuka uvundo vitupwe. Sumukuvu haionekani kila mara kwa macho. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo kwa kiasi kidogo sana.

Kipimo ni gramu 25 hivi kwa kila kilo ya uzito wa mnyama kwa siku. Sungura wa kilo 2 anapata gramu 50, basi. Pima mara moja kwenye mizani ya dukani, weka alama kwenye kikombe, na kikombe hicho kisitumike kwa kazi nyingine. Nafasi iliyobaki tumboni ijazwe na nyasi na maji safi.

Hapa ndipo wilaya zetu mbili, Nachingwea na Ruangwa, zina utajiri ambao mfuko wa dukani hauwezi kuushinda. Mpango wa Karanga ulioletwa na Waingereza mwaka 1947, ukachagua Nachingwea pamoja na Kongwa na Urambo, ulitafuta mafuta tu na ukafa mwaka 1951. Majani ya karanga hayakuwa hesabu ya mtu. Lakini mmea wa karanga ulioanikwa kivulini baada ya mavuno ni lishe nzuri ya sungura, yenye protini na nyuzi kwa pamoja. Majani ya mbaazi nayo yapo karibu kila shamba. Yote mawili ni ya jamii ya kunde na yana kalsiamu nyingi, kwa hiyo yasiwe chakula kizima: yawe sehemu ndogo, na ukoka au majani ya gwinea yawe sehemu kubwa. Mashudu ya ufuta yana protini kali, ni ya kutengenezea vidonge, si ya kumwagiwa bakulini. Majani mabichi ya muhogo yaepukwe kwa sababu ya sumu yake, na ya nyanya vilevile.

Kubadilisha chakula ni kazi ya msimu kwetu. Mvua zikiisha, nyasi hukauka kuanzia Juni, na mfugaji hutegemea mfuko zaidi. Duka nalo likiishiwa, hulazimika kuchukua aina nyingine inayopatikana Masasi au Mtwara. Sungura hajali kwamba gari halijafika. Bakteria wa sekamu wamezoea chakula fulani, na wanahitaji muda ili jamii yao ijipange upya. Muda huo ni kati ya siku 7 na 14. Kwa yule wa gramu 50, anza na gramu 40 za zamani na 10 za mpya. Baada ya siku 3 hivi, kama kinyesi bado ni kikavu, cha mviringo na chenye ukubwa uleule, nenda nusu kwa nusu. Kisha 10 za zamani na 40 za mpya, ndipo umalizie. Kinyesi kikilegea, rudi hatua moja na uongeze nyasi kavu. Kwa hiyo usisubiri mfuko uishe ndipo uanze kutafuta mwingine. Bakiza akiba ya wiki mbili, maana bila ya zamani hakuna cha kuchanganya. Na kama vidonge vimekosekana kabisa, usikimbilie pumba za mahindi: nyasi na majani peke yake humtunza sungura mkubwa asiyezaa bila wasiwasi. Aishiye kwa vidonge bila nyasi ndiye anayeugua.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi ni mgonjwa wa dharura, apelekwe kwa bwana mifugo au daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na akiharisha, usimpe amoksilini iliyobaki kwenye kabati la nyumbani. Dawa hiyo ikipita kinywani mwake huua bakteria wema wa sekamu, na wabaya hupata nafasi. Sungura wengi hufa kwa tiba hiyo iliyotolewa kwa huruma.

Tanzania ina Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo tangu mwaka 2010, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lipo kwa kazi ya istilahi tangu 1967. Naviomba viwanda viandike kwenye mifuko, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, jina la mnyama, kiwango cha makapimlo na dawa zilizotiwa ndani. Hadi hapo, wewe mnunuzi wa Ruangwa na Nachingwea ulizia vidonge vya nyasi, soma makapimlo, na mfuko ulioandikwa chini ya asilimia 18 urudishe kwenye rafu.