Nacho Lilikuwa Jina la Mtu

Ijumaa iliyopita tulikaa wanne kwenye baa moja ya mtaa, zile za ukuta wa rangi ya machungwa, kofia pana zimening'inia, na menyu imejaa majina ya Kihispania ambayo hata weita anayatamka kwa kubahatisha. Tukaitisha nachos, tacos za kuku na jagi la margarita. Jagi lilipofika nusu, beshte yangu mmoja akaangusha kauli: "Hii si chakula ya Mexico. Ni ya Wamarekani, wameivisha tu kofia." Tulibishana mpaka bili ikakuja.

Nimesoma sana tangu hiyo siku, na sasa naona tungeanza kwa kuuliza nani alikuwa jikoni.

Skiza. Vita vya Pili vya Dunia vinaendelea. Mji ni Piedras Negras, kaskazini mwa Mexico, ng'ambo tu ya mto kutoka Eagle Pass, Texas. Wake wa wanajeshi wa Marekani wamevuka mpaka na kuingia mkahawa unaoitwa Victory Club. Wanataka kitu cha kutafuna na vinywaji vyao, na mpishi haonekani. Aliye pale ni Ignacio Anaya, kazi yake ni kupokea wageni na kusimamia meza. Kwa Kihispania kina Ignacio huitwa Nacho, vile kwetu kina Wanjiku ni Shiko. Nacho akaingia jikoni mwenyewe. Akachukua tortilla, ile chapati nyembamba ya mahindi, akaikata pembetatu, akakaanga, akamwagia jibini, akaweka kwa oveni, akamalizia na vipande vya pilipili ya jalapeño iliyolowekwa kwa siki. Wamama wakauliza hii inaitwaje. Akasema ni spesheli za Nacho.

Basi. Hakukuwa na kikao wala bajeti. Jamaa wa meza, wageni wenye njaa, na kilichobaki jikoni.

Na kumbuka, kwa kantina yenyewe, baa ya asili ya Mexico, hao wamama hawangekaribishwa. Kantina zilikuwa za wanaume. Jijini Mexico City mlango haukufunguliwa wanawake kisheria hadi mapema miaka ya 1980. Kwa hivyo dada, ukiwa umekalia kiti cha kaunta na shoti yako ya tequila, jua kuna shosho wa huko alisoma kibao cha kumkataza mlangoni.

Nacho baadaye alifungua mkahawa wake mwenyewe palepale mjini. Alifariki 1975. Mwaka uliofuata, mfanyabiashara Frank Liberto akaanza kuuza nachos kwenye uwanja wa besiboli kule Arlington, Texas, na sosi ya jibini ya kumwaga, ile ya manjano isiyohitaji oveni. Mteja anahudumiwa kwa sekunde. Kutoka hapo zikaingia viwanja vingine, kumbi za sinema, na mwishowe meza yetu. Jina la Nacho likazunguka dunia bila yeye.

Margarita nayo ina wababa wengi, kila mji unadai wake, hiyo kesi nimeiacha. Ile ya barafu laini ndiyo ina mwenyewe anayejulikana: Mariano Martinez wa Dallas, 1971. Wateja walikuwa wanalalamika ladha inabadilika kila glasi, na watu wake wa kaunta walikuwa wamechoka na blenda. Akachukua mashine ya aiskrimu, akaichokora hadi ikatoa margarita. Hakupata hataza. Mashine yenyewe leo iko makumbusho ya Smithsonian, na walioiga wazo lake ni baa ngapi? Hesabu za mtaa wako pekee.

Lakini tequila, hiyo ina mlinzi. Tangu 1974 serikali ya Mexico imelilinda hilo jina: lazima kinywaji kitoke jimbo la Jalisco au sehemu fulani za majimbo mengine manne. Ukikipika Kiambu, tafuta jina lingine. Jina la kinywaji limepata wakili. Jina la mtu liko kwa kila pakiti ya krisps.

Na usidhani haya ni mambo ya mbali. Mmea wa tequila ni binamu wa mkonge. Mkonge wenyewe asili yake ni Mexico. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika 1893, ukaja kwetu baadaye, hadi mashamba ya Voi unayoyaona ukiwa kwa treni ya Mombasa. Wenye tequila wanatupa majani na kupika moyo wa mmea. Sisi tunachukua majani, tunasokota kamba na viondo. Mahindi nayo yalilimwa kwanza Mexico, miaka kama 9,000 iliyopita. Parachichi pia. Beshte yangu alibisha kuhusu "chakula ya Mexico" na mchana alikuwa amekula ugali.

Sasa mbona hii inaniwasha. Baada ya fomu foo nilifanya kazi ya weita kwa baa fulani, mia tano kwa siku. Usiku mmoja wa mpira chipsi ziliisha na mpishi alikuwa ameshaenda. Nikakata chapati zilizobaki, nikazikaanga hadi zikakauka, nikaweka kachumbari, nyama choma ya mwisho, na pilipili niliyochanganya na ukwaju. Meza ikapiga makofi. Wiki mbili baadaye nikaiona kwa menyu, shilingi 650: Spesheli ya Mpishi. Nilipomuuliza meneja, hakukasirika hata. Aliniuliza tu, "Na chapati zilikuwa za nani?"

Maze, sijawahi pata jibu zuri. Zilikuwa zake. Hata tortilla za Nacho zilikuwa za Victory Club.

Jana nilipita pale, miaka minne tangu nitoke. Bado iko kwa menyu, bei imefika 800. Nikaitisha. Wameongeza mahindi ya kuchoma juu, yamepukuchuliwa na kupakwa ndimu, na kusema ukweli ni tamu kuliko yangu. Nikamuuliza weita, msichana mdogo hivi, nani aliweka mahindi. Akaangalia kaunta kwanza, halafu akainama kama anafuta meza.

"Ni mimi."