Kijana Anapofikiri Kuingia Seminari: Ni Nani Anayeamua?



Leo twataka kufundishana juu ya jambo liletalo mashaka katika nyumba nyingi za wakristu wa Miti na vijiji vya jirani. Kijana amesikia kanisani kwamba Askofu anahitaji mapadri, naye moyoni mwake anaanza kufikiri juu ya seminari. Mama anafurahi. Baba ananyamaza, kwa maana huyu ni mwanawe wa kwanza, ndiye atakayelinda jina la ukoo na shamba la wazee. Mjomba anahesabu kwamba mtoto akiwa padri, jamaa yote itaheshimiwa na kusaidiwa. Kila mtu amekwisha kusema neno lake, na kijana mwenyewe bado hajaulizwa. Basi, ni nani anayeamua? Tutafute jibu katika historia ya Kanisa, hasa ya Kanisa la nchi zetu hizi.

1. Maana ya jina seminari

Zamani Kanisa halikuwa na seminari kama tuzijuavyo. Vijana walijifunza kazi ya upadri karibu na Askofu au padri mzee, na wengine walipewa daraja takatifu bila kufundishwa vya kutosha. Kwa sababu hiyo, mwaka 1563, Mababa wa Mtaguso wa Trento waliamuru kwamba majimbo yawe na nyumba za kulelea vijana wanaojitayarisha kwa upadri. Nyumba hiyo iliitwa seminari, neno la Kilatini lenye maana ya kitalu, yaani mahali pa kuoteshea miche kabla ya kuipanda shambani.

Mkulima wa kahawa anafahamu vema maana ya jina hilo. Yeye huotesha miche mingi kuliko ile atakayopanda katika shamba moja. Huinywesha, huikinga na jua kali, huiangalia siku kwa siku, ndipo huchagua. Mche uliopelekwa shamba jingine haukulaaniwa. Nao utazaa huko. Hivyo ndivyo ilivyo seminari. Anayeingia hajawa padri, wala hajafunga ahadi ya kuwa padri. Ameingia ili wito wake upimwe.

2. Miche ya kwanza: Uganda na Kongo

Tuanze kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1893 Askofu Hirth, wa shirika la Mapadri Weupe, alianzisha seminari katika nchi ya Buganda. Vijana walitakiwa kujifunza Kilatini, lugha ambayo hakuna mzee wao aliyeisikia. Miaka ishirini ilipita. Wengi waliingia, na wengi walirudi kwao. Mwishowe, tarehe 29 Juni 1913, Askofu Streicher aliwapa upadri vijana wawili, Bazilio Lumu na Victor Mukasa Womeraka. Je, tuseme wale wengine walipoteza miaka yao bure? Hapana. Kati yao Kanisa lilipata makatekista, walimu na baba wa jamaa za kikristu.

Katika Kongo, Askofu Roelens alifanya kazi hiyo hiyo upande wa ziwa Tanganyika. Alifungua seminari ndogo huko Mpala, na humo akaingia Stefano Kaoze, kijana wa nchi ya Marungu. Mwaka 1905 Kaoze alianza seminari kubwa ya Baudouinville, mji uitwao leo Moba. Alipewa upadri tarehe 21 Julai 1917, akawa padri mzalendo wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji. Tuhesabu, wasikilizaji: tangu 1905 hadi 1917 ni miaka kumi na miwili. Mbele yake hapakuwa na ndugu mweusi wa Kongo aliyekwisha kuipita njia ile, ambaye angeweza kumwambia: Usiogope, mimi nimefika. Ukoo wake ungeweza kumsukuma aingie. Lakini hakuna ukoo uwezao kumvumilia mtu miaka kumi na miwili mahali pake. Uvumilivu wa namna hiyo hutoka katika moyo uliokubali wenyewe, na katika neema ya Mungu.

3. Mbegu katika Bushi

Huku Bushi, Mapadri Weupe walifungua misioni ya Nyangezi mwaka 1906. Baadaye upande wa Katana, kaskazini ya Miti, ilijengwa seminari ndogo ya Mugeri. Humo alisoma Christophe Munzihirwa, mwana wa Burhale, aliyezaliwa mwaka 1926. Alipewa upadri mwaka 1958. Hata hapo hakuacha kusikiliza: mwaka 1963 aliingia shirika la Wayezuiti, akakubali kulelewa upya kama mwanafunzi, ijapokuwa alikuwa padri tayari. Kisha akawa Askofu wa Kasongo, na baadaye Askofu Mkuu wa Bukavu. Aliwatetea watu wake na wakimbizi wakati wa vita, akauawa mjini Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996.

Mtoto aliyeingia Mugeri hakuweza kuyajua hayo yote. Wala baba yake hakuyajua. Mungu hakumwonyesha njia nzima. Alimwomba hatua moja, kisha nyingine. Kijana wa leo, aitazamaye seminari kubwa ya Murhesa iliyo jirani na Miti, naye hataonyeshwa mwisho wa njia kabla ya kuanza.

4. Sheria ya Kanisa

Sasa twaweza kujibu swali letu. Kanisa limeweka sheria iliyo wazi, katika kitabu cha sheria cha mwaka 1917, tena katika kile cha mwaka 1983. Sheria hiyo ina pande mbili. Ni marufuku kabisa kumlazimisha mtu apokee daraja takatifu, kwa namna yoyote na kwa sababu yoyote. Tena ni marufuku kumzuia yule anayestahili.

Mjomba asikie upande wa kwanza. Kumsukuma kijana ili jamaa ipate heshima au fedha ni kumlazimisha, hata kama hakuna fimbo mkononi. Baba asikie upande wa pili. Kumtishia mtoto kwamba atakosa baraka ya wazee kwa sababu ya seminari ni kumzuia. Hata hivyo hatuyadharau machozi ya baba. Kumtoa mwana wa kwanza ni sadaka kubwa katika nchi yetu, na Mungu anaijua. Baba anaruhusiwa kuuliza, kushauri, hata kusema kwamba kijana angoje kidogo.

Tena baba akumbuke kwamba mlango haufungwi siku ya kuingia. Sheria inadai miaka sita kamili isiyopungua ya filosofia na teolojia, na padri hapewi daraja kabla ya kutimiza miaka 25. Ahadi ya kutooa haifungwi siku ya kwanza. Hufungwa wakati wa ushemasi, mwishoni mwa malezi.

5. Namna ya kuamua

Tumkumbuke mtoto Samweli. Aliitwa usiku, akadhani ni mzee Eli anayemwita. Eli hakujibu mahali pake. Alimfundisha tu namna ya kujibu. Hiyo ndiyo kazi ya wazazi na ya padri wa parokia.

Kijana naye ajichunguze. Anataka seminari kwa sababu gani? Kama ni kwa ajili ya kupata shule nzuri, au kuukimbia umaskini wa nyumbani, nia yake haijasafika. Kama anapenda sala, anapenda watu maskini, ana afya na akili ya kutosha, na yu tayari kutii, hizo ni dalili njema. Lakini dalili si hukumu. Mwisho, Askofu ndiye anayeita kwa jina la Kanisa.

Na yule anayerudi nyumbani kutoka seminari tumpokee kama ndugu. Kumcheka ni dhambi dhidi ya upendo. Tena aibu hiyo ina hatari nyingine: humfanya mwenzake abaki seminarini kwa kuogopa midomo ya kijiji, na padri aliyefanywa na woga ni hasara kwake na kwa wakristu.

Maswali

Seminari ni nini?
Ni nyumba ya kupima na kulea wito wa upadri.

Ni nani anayeamua kuingia?
Ni kijana mwenyewe, kwa moyo huru, akisaidiwa na wazazi na padri.

Ni nani anayethibitisha wito wake?
Ni Kanisa, kwa mkono wa Askofu.

Je, anayetoka seminarini ametenda dhambi?
Hapana. Ametafuta mapenzi ya Mungu, na aendelee kuyatafuta katika kazi na ndoa.

Jioni ya leo, wazazi, mwulizeni mtoto wenu anataka nini, kisha mnyamaze mpaka amalize kusema. Bikira Maria, Mama wa mapadri, awaombee. Tumsifu Yezu Kristu.