Dawn Staley: Kutoka mchezaji wa kulipwa hadi kocha bingwa wa mpira wa kikapu

Dawn Staley, raia wa Marekani aliyezaliwa Mei 4, 1970 katika jiji la Philadelphia, ni miongoni mwa watu wachache duniani waliotwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mpira wa kikapu wakiwa wachezaji na baadaye wakiwa makocha wakuu. Alitwaa medali tatu akiwa mchezaji, mwaka 1996, 2000 na 2004, na moja akiwa kocha mkuu katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Timu yake ya Chuo Kikuu cha South Carolina imetwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mara tatu, mwaka 2017, 2022 na 2024.

Safari yake inagusa jambo linalowahusu walimu wa michezo, wazazi na wasichana wanaocheza mchezo huo nchini, kuanzia viwanja vya Dar es Salaam hadi shule za kata kama Mashewa, wilayani Korogwe: msichana anayecheza leo atafanya kazi gani pindi atakapoacha kucheza? Kwa Staley, maandalizi ya kazi ya pili yalianza miaka sita kabla ya kustaafu kucheza.

Malezi na masomo

Staley ni mtoto wa mwisho katika familia ya watoto watano. Alikulia katika nyumba za umma za Raymond Rosen, kaskazini mwa Philadelphia, akicheza na wavulana wa mtaani. Kimo chake ni takriban mita 1.68, ambacho ni kifupi kwa mchezo huo. Kwa sababu hiyo alijenga uwezo wake katika kumiliki mpira, kutoa pasi na kupanga mashambulizi. Hiyo ndiyo kazi ya mchezeshaji, mtu anayepaswa kujua nafasi ya kila mwenzake uwanjani na kupokea maelekezo ya kocha kabla ya wengine.

Baada ya Shule ya Sekondari ya Dobbins, alijiunga na Chuo Kikuu cha Virginia chini ya kocha Debbie Ryan. Timu hiyo ilifika hatua ya nne bora ya taifa kwa miaka mitatu mfululizo, 1990 hadi 1992. Mwaka 1991 ilipoteza fainali mbele ya Tennessee kwa pointi 70 kwa 67 katika muda wa nyongeza, na Staley akatajwa mchezaji bora wa hatua hiyo ijapokuwa timu yake ilishindwa. Alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo vikuu mwaka 1991 na 1992, na akahitimu shahada yake mwaka huo wa 1992.

Uchezaji wa kulipwa

Alipohitimu, Marekani haikuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake. Aidha, hakuchaguliwa katika kikosi cha Olimpiki cha mwaka 1992. Alikwenda kucheza Ufaransa, Italia, Hispania na Brazil, na huko akapata uzoefu wa mashindano ya kimataifa.

Uzoefu huo ulimfungulia mlango wa timu ya taifa iliyonolewa na Tara VanDerveer kwa ajili ya Michezo ya Atlanta ya mwaka 1996. Timu hiyo ilicheza michezo 52 ya maandalizi bila kupoteza hata mmoja, kisha ikashinda yote minane ya Olimpiki. Katika hatua ya makundi ilikutana na Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kushinda kwa pointi 107 kwa 47. Miongoni mwa wachezaji wa Zaire alikuwamo Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa.

Mafanikio ya Atlanta yalifuatiwa na kuanzishwa kwa ligi mbili za kulipwa nchini Marekani. Staley alijiunga na ligi ya ABL, iliyovunjika mwezi Desemba mwaka 1998. Mwaka 1999 alisajiliwa na timu ya Charlotte Sting ya ligi ya WNBA. Mwaka 2001 timu hiyo ilianza msimu kwa kushinda mchezo mmoja tu kati ya 11, lakini ikajirekebisha na kufika fainali. Ilipoteza michezo miwili kwa bila dhidi ya Los Angeles Sparks, ambayo Mwadi Mabika alikuwa mmoja wa nguzo zake. Hivyo binti wa Kinshasa aliyefungwa na timu ya Staley Atlanta alitwaa ubingwa mbele yake miaka mitano baadaye.

Mwaka 2004 Staley alibeba bendera ya Marekani katika ufunguzi wa Michezo ya Athens. Mwaka 2005 alihamia Houston Comets, na mwaka 2006 alistaafu kucheza.

Kazi mbili kwa wakati mmoja

Mwaka 2000, akiwa bado mchezaji wa Charlotte na wa timu ya taifa, Staley alikubali kuwa kocha mkuu wa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Temple, kilichopo Philadelphia. Hakuwa na uzoefu wowote wa ukocha wa chuo kikuu.

Kalenda za ligi ndizo zilizowezesha mpango huo. Msimu wa vyuo vikuu huanza Novemba na kumalizika mwanzoni mwa Aprili, ilhali WNBA huchezwa majira ya kiangazi. Kwa miaka sita Staley alifundisha wakati wa baridi na kucheza wakati wa joto. Alichojifunza kama mchezaji alikitumia kama kocha katika miezi iliyofuata, na wachezaji wake walifundishwa na mtu ambaye bado alikuwa akikutana na wapinzani wa kiwango cha juu.

Katika misimu minane, Temple ilishinda michezo 172 na kupoteza 80, ikatwaa ubingwa wa mashindano ya kanda yake mara nne na kushiriki mashindano ya taifa mara sita.

South Carolina: kutoka mkiani hadi ubingwa

Mwaka 2008 Staley alihamia South Carolina, jimbo ambalo ni asili ya mama yake. Msimu wa kwanza ulikuwa mgumu: timu ilishinda michezo 10 na kupoteza 18. Chuo hakikumwondoa. Timu ilirejea katika mashindano ya taifa mwaka 2012, ikaongoza kanda yake mwaka 2014 na kufika hatua ya nne bora kwa mara ya kwanza mwaka 2015.

Mojawapo ya sababu za mafanikio hayo ni kutafuta vipaji vya karibu. A'ja Wilson, aliyezaliwa na kusoma katika jimbo hilohilo, alijiunga na timu mwaka 2014. Mwaka 2017 timu hiyo ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Mississippi State pointi 67 kwa 55. Baadaye Wilson alitajwa mchezaji bora wa WNBA mara nne.

Ubingwa wa pili ulipatikana mwaka 2022 dhidi ya Connecticut kwa pointi 64 kwa 49. Mwaka 2023 timu ilishinda michezo 36 mfululizo kabla ya kufungwa na Iowa katika nusu fainali. Mwaka uliofuata ikarudi na wachezaji wengi wapya, ikashinda michezo yote 38 na kuifunga Iowa hiyohiyo pointi 87 kwa 75 katika fainali. Mwaka 2025 ilifika tena fainali na kufungwa na Connecticut.

Kwa upande wa timu ya taifa, Staley alikuwa kocha msaidizi katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2008 na 2016 kabla ya kukabidhiwa timu mwaka 2017. Jijini Tokyo, Marekani iliifunga Japani pointi 90 kwa 75 katika fainali na kutwaa medali ya dhahabu ya saba mfululizo.

Nafasi ya wanawake katika ukocha

Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali. Sheria hiyo ilipanua nafasi za wasichana kucheza, na vyuo vikaanza kutenga bajeti kubwa zaidi kwa timu zao. Hata hivyo, matokeo mengine hayakutarajiwa. Kabla ya sheria, zaidi ya asilimia 90 ya makocha wa timu za wanawake vyuoni walikuwa wanawake. Ajira hizo zilipoanza kuwa na mishahara mizuri, wanaume wengi waliziomba, na sehemu ya wanawake ikashuka chini ya nusu. Wachezaji wanawake waliongezeka, lakini nafasi zao za ukocha hazikuongezeka kwa kiwango hicho.

Mazingira hayo yanaeleza uzito wa jambo alilolifanya Carolyn Peck. Mwaka 1999 Peck alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa juu wa vyuo vikuu akiwa kocha. Baadaye alimpa Staley kipande cha wavu uliokatwa siku ya ushindi huo, akimtaka naye akitoe kwa mwingine atakapofanikiwa. Staley alikuwa wa pili kupata ubingwa huo, mwaka 2017, na mwaka 2021 aliwagawia vipande vya wavu wake makocha wanawake weusi wa vyuo mbalimbali.

Malipo nayo yamebadilika. Mwaka 2021 Staley alisaini mkataba wa miaka saba wenye thamani ya dola za Marekani milioni 22.4. Januari 2025 mkataba ulioboreshwa ulimpa takriban dola milioni nne kwa mwaka, kiwango kilichomfanya kuwa kocha anayelipwa zaidi katika mpira wa kikapu wa wanawake.

Mafunzo ya ukocha nchini

Tanzania haina ligi ya vyuo yenye fedha za kiwango hicho, lakini hatua za mwanzo zipo. Mpira wa kikapu huchezwa katika mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, na katika ligi za mikoa zenye timu za wanawake. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilichopo wilayani Kwimba mkoani Mwanza, hutoa mafunzo kwa walimu na viongozi wa michezo. Baraza la Michezo la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, husimamia vyama vya michezo, likiwamo Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania.

Mchezaji anayetamani kuwa kocha hana sababu ya kusubiri kustaafu. Anaweza kuanza kwa kumsaidia mwalimu wa shule iliyo jirani, kuchezesha mazoezi ya watoto na kujifunza kanuni za mchezo kwa kina, huku akiendelea na masomo. Wasichana, wazazi na walimu wanaohitaji maelezo kuhusu mashindano, usajili wa klabu au mafunzo ya ukocha wanaweza kuonana na Afisa Michezo katika ofisi ya halmashauri ya wilaya yao.